Nusu Kaputi

Hammerfest, Desemba. Jua halijatupungia mkono
tangu wiki ya tatu ya Novemba.
Saa nane mchana ni usiku; nje ya dirisha la korido
gari la kukwangua theluji linapita na taa yake ya rangi ya chungwa.

Wananiita: mzee, utumbo umejisokota,
asubuhi alikunywa supu ya samaki.
Tumbo lililojaa halina subira.
Navuta dawa kwenye mabomba, nabandika lebo,
ya njano, ya bluu, na ile nyekundu ninayoiheshimu kuliko zote,
inayolegeza misuli hadi mtu asiweze hata kukataa.

Ansgar Tollefsen. Mikono ya kiwanda cha samaki;
kidole cha shahada hakipo, kilimezwa na mashine
mwaka ambao mwenyewe ameusahau.
Meno yake ya bandia nimeyatia kikombeni, nikaandika jina.
Namwekea barakoa. "Nipo hapa," namwambia.
Hiyo ndiyo dawa pekee nisiyoipima.

Bjarne anabana koromeo kwa vidole viwili.
Dawa nyeupe, nyeupe kama maziwa ya kopo, inapanda mkononi,
na mzee ghafla anafumbua macho, ananishika kiwiko:
"Mwambie Gudny siku—"

Basi.
Nagusa kope kwa ncha ya kidole. Hazijibu.
Nainua taya, naingiza chuma chenye taa,
naliona lango lile dogo, jeupe, napitisha mrija.
Kifua kinapanda, kulia na kushoto.
Kuanzia hapa pumzi yake ni kazi yangu.

Siku.
Siku gani, mzee? Siku ya mazishi? Siku ya kuuza nyumba?
Au ni siku ya kukana: sikusema, sikuchukua, sikujua,
sikuacha hata mara moja kukufikiria?
Neno limekatika katikati kama uzi,
na aliyesukuma bomba ni mimi.
Sekunde mbili tu. Ningengoja sekunde mbili.
Tumbo limejaa. Nisingeweza.

Daktari Sunniva anakata, anadai mwanga zaidi.
Utumbo mweusi, nusu mita, unaingia kwenye beseni.
Shinikizo linashuka, nalipandisha; moyo unakimbia, naurudisha.
Wao wanazungumzia matairi ya misumari, bei yake mwaka huu.
Mimi nipo kichwani pake, juu ya kigoda chenye magurudumu,
pumzi kumi na mbili kwa dakika,
na kila pumzi: siku, siku, siku.

Watu hudhani nalaza watu.
Anayelazwa ni mtoto, tena kwa bembelezo.
Hii huitwa nusu kaputi, na jina halidanganyi:
nusu ya mtu imekwisha,
nusu nyingine nimeishika kiganjani kama yai.

Saa kumi na mbili kasoro nafunga gesi.
Anakohoa, anapigana na mrija. Kikohozi kitamu kuliko zaburi.
Nautoa.
"Tumeanza?" anauliza.
Tumemaliza, Ansgar.
Namrudishia meno. Kisha, polepole, kama mtu anayeulizia ufunguo:
ulitaka nimwambie nini Gudny?
Ananitazama kana kwamba nimeingia sebuleni kwake na viatu.
"Nani amekutajia Gudny?"
Dawa hufagia na kurudi nyuma. Nalijua hilo.
Hufagia hadi kizingitini.

Koridoni amekaa mwanamke, koti bado mwilini,
theluji ya viatu vyake imekuwa kidimbwi sakafuni.
Ametoka Alta kwa basi. Pua ile ile, kidevu kile kile.
"Miaka kumi na mmoja," anasema, bila kusema ya nini.
Halafu: "Alisema chochote?"

Kofia yangu ya kitambaa nimeivua; naikunja, naikunjua.
Alianza, nasema. Kwa jina lako.

Anasimama, anakung'uta sketi iliyokwisha kukauka,
anauliza chumba ni namba ngapi.